Pilau Ilipikwa Saa Ngapi?

Leo tunalizungumzia tumbo. Lile tumbo la baada ya shughuli, ambalo huanza kwa kunguruma, likaja kusokota, kisha likamkimbiza mtu chooni kabla hata hajamaliza kuaga wenyeji wake.

Habari zenyewe unazijua. Kuna harusi, hitma, kipaimara au arobaini. Watu wamekula wakashiba, wamemsifu mpishi, wameagana. Usiku simu zinaanza kulia: shangazi anatapika, watoto wa jirani wanaharisha, wazee wawili wamekimbizwa zahanati. Kukicha, mtaa mzima una mazungumzo mamoja, na hayahusu chakula. Yanahusu watu. Nani alionekana akizungukazunguka kwenye masufuria? Yule asiyealikwa alifuata nini? Mpishi na mama wa bibi harusi si waliwahi kugombana? Ikifika jioni jina limeshapatikana, na ndugu waliokula sinia moja jana, leo hawasalimiani.

Mimi nasema hivi: kabla hujauliza nani kaweka nini, uliza chakula kilipikwa saa ngapi na kililiwa saa ngapi. Ukipata jibu la maswali hayo mawili, mara nyingi umeshampata mkosaji, na utakuta si binadamu.

Tuanze na pilau yenyewe. Tuseme shughuli ni Jumamosi, chakula saa saba mchana, wageni mia tatu. Wapishi hawawezi kuanza asubuhi. Wanaanza Ijumaa usiku. Nyama inatokota saa nne usiku. Sufuria la kwanza la pilau linapaliwa moto saa nane, la mwisho linaiva alfajiri. Moto unafifia, masufuria yamefunikwa, yanasubiri. Kadhi amechelewa, mpiga picha naye ana mambo yake, na wageni wa upande wa bwana harusi wamekwama njiani. Chakula kinapakuliwa saa tisa alasiri. Hesabu mwenyewe: lile sufuria la kwanza lina saa kumi na tatu tangu lilipopaliwa moto.

Ndani ya saa hizo kumi na tatu kuna kazi imefanyika bila mtu yeyote kunyunyizia kitu. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Anaishi udongoni, kwa hiyo anatoka shambani pamoja na mpunga. Hali ikimwia ngumu hujifungia katika ganda gumu, akawa mbegu, na mbegu hiyo maji yanayochemka hayaiui. Pilau inapopoa ikawa vuguvugu, mbegu inaamka, bakteria anaongezeka, na baadhi yao wanatoa sumu ya kutapisha. Kwenye nyama yuko mwenzake, Clostridium perfringens, mwenye tabia hiyohiyo ya kujifungia gandani. Huyu anapenda masufuria makubwa yenye kina, kwa sababu katikati ya sufuria la aina hiyo nyama hukaa na uvuguvugu kwa saa nyingi na hewa haifiki.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza mipaka kwa tarakimu mbili: nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chakula kilichopikwa kikikaa katikati ya hapo, vijidudu huzaliana haraka, na shauri la shirika hilo ni kwamba kisiachwe katika hali hiyo zaidi ya saa mbili. Sasa fikiria mchana wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, kivulini nyuzi 30. Pale uani, chini ya turubai, chakula kiko katikati kabisa ya eneo la hatari.

Upo pia mkono wa mpishi na wa msaidizi wake. Karibu mtu mmoja kati ya watatu ana bakteria aitwaye Staphylococcus aureus puani, na haumwi chochote. Akipenga kamasi akaendelea kuchambua kuku, au akiwa na jipu kidoleni akasokota sambusa na kuchanganya saladi ya mayonezi, bakteria wanahamia kwenye chakula. Wakipata joto na muda, wanatengeneza sumu. Na sumu hii ina ubishi wake: ukikipasha chakula moto tena hadi kichemke, bakteria watakufa lakini sumu itabaki. Hali kadhalika ile sumu ya kutapisha ya kwenye wali. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba chakula kilichemshwa sawasawa kabla ya kupakuliwa, akawa anasema kweli, na watu wakaumwa vilevile.

Sasa tuisome saa. Ukila saa saba mchana ukaanza kutapika saa tisa au saa kumi, hiyo inaelekea kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula, ama ya mkononi ama ya wali. Huja kwa kasi, hukutikisa, na kwa kawaida kufikia kesho yake umeshatulia. Ukila saa saba mchana, ukalala vizuri, ukaamshwa saa tisa usiku na msokoto wa tumbo na kuharisha bila homa na bila kutapika, elekeza macho kwenye nyama iliyopoa ndani ya sufuria kubwa. Hilo nalo aghalabu huisha ndani ya siku moja. Ukianza kuumwa kesho yake au keshokutwa, na homa juu, panaweza kuwa na salmonella kutoka kwenye kuku au mayai yasiyoiva. Huyu huchukua kati ya saa 6 na siku 6 kujitokeza. Kipindupindu kinaweza kuanza baada ya saa chache tu, kinaweza kungoja hadi siku 5. Na homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, huchukua kwa kawaida wiki moja hadi tatu. Kwa hiyo aliyekula harusini jana na leo ameambiwa ana taifodi, basi kama anayo kweli, hakuipata kwenye harusi ile.

Hapo pana fundisho ambalo wengi hulikosa. Chakula cha mwisho kuliwa ndicho kinachobebeshwa lawama siku zote. Mama lishe aliyekuuzia ugali na dagaa mchana anatukanwa jioni, kumbe kilichokupata ni mishikaki ya juzi usiku au juisi ya ukwaju iliyochanganywa na maji ya kisima. Tumbo halina desturi ya kumtaja mkosaji kwa mpangilio wa milo.

Najua msikilizaji mwingine sasa hivi anasema: mbona mimi nilikula pilau ileile na sikuumwa? Si ushahidi huo kwamba waliolengwa walikuwa wachache? Hapana. Vijidudu havikai sawasawa kila mahali sufuriani. Aliyepakuliwa kwenye sufuria lililoiva alfajiri hakula alichokula yule wa sufuria la saa nane usiku. Aliyepewa ukoko wa moto wa chini si sawa na aliyepewa nyama ya katikati iliyokuwa vuguvugu. Kuna aliyekula vijiko vinne akashiba, na kuna aliyerudia sahani. Tena miili haifanani: mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mtu mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa sababu ya vidonda, hao hushikwa haraka kuliko kijana mwenye afya. Watu watano kuumwa kati ya ishirini ni jambo la kawaida kabisa katika maradhi haya.

Sisemi kwamba sumu ya kweli haipo. Ipo, na ukanda wetu umeionja. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki na wengine 78 walilazwa baada ya kula nyama ya kasa. Kasa anaweza kubeba sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa, wala humtambui kwa kumtazama. Bunju naye, yule samaki anayejijaza upepo, ana sumu inayolegeza misuli mpaka mtu ashindwe kuvuta pumzi. Hata jodari, samaki wetu mzuri kabisa, akiachwa juani bila barafu hutengeneza kemikali inayomfanya mlaji awake uso mwekundu, aumwe kichwa na kuwashwa mwili ndani ya saa moja tu, na kupika hakuiondoi.

Kwenye nafaka, Kenya ilipata msiba mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yakaota ukungu wenye sumukuvu, watu 317 wakaugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 yakatufika sisi Tanzania, Dodoma na Manyara. Na Uganda magharibi, wilaya ya Kasese, Septemba 2017, waombolezaji walikula ugali wa muhogo msibani wakaanza kuanguka. Fikiria maneno yanayoweza kuzuka katika matanga ya namna hiyo. Lakini wachunguzi waliufuata unga. Waliuliza ulinunuliwa wapi, na huyo muuzaji aliupata wapi, hadi wakafika kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla ambaye unga wake ulitokana na muhogo mchungu wenye sayanidi nyingi. Jumla ya waliougua ilifika 98, na wawili walifariki. Msiba ule ulikuwa na sumu kweli, lakini iliingia kwa mlango wa ghala, kwa hiyo wangepotea sana kama wangemtafuta adui wa familia.

Kazi hii ya kuuliza si ngeni kwetu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Daktari mmoja Mskochi aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, alikaa na watu wa misafara na wa vyombo vya baharini akawahoji: ugonjwa mliukuta wapi, mliuacha wapi, ilikuwa mwezi gani? Kwa majibu yao alichora njia ya ugonjwa kutoka bara hadi pwani, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Hakuwa na maabara. Kijidudu cha kipindupindu kilikuwa bado hakijakubalika miongoni mwa madaktari. Alikuwa na maswali ya wapi na lini.

Wewe nawe unaweza kuanza hivyohivyo. Tumbo likishika watu baada ya shughuli, chukueni daftari. Andikeni nani alikula nini, saa ngapi, na alianza kuumwa saa ngapi. Ulizeni na wasioumwa pia, maana bila wao hamtajua kitu. Kama wengi walioumwa walikula kachumbari, na wengi wasioumwa hawakuigusa, mmeshapata mahali pa kuanzia. Halafu msimwage mabaki yote. Wekeni kidogo cha kila chakula kwenye chombo safi ndani ya friji, na mumwite bwana afya wa kata. Watu wengi hukimbilia kuosha masufuria ili kuficha aibu, na kwa kuosha huko wanaufuta ushahidi ambao ungewasafisha wao wenyewe.

Msikilizaji, tuje kwa mgonjwa, maana wakati tunauliza maswali yeye bado yuko chooni.

Anayeharisha na kutapika haumizwi zaidi na vijidudu. Kinachomuua ni maji na chumvi vinavyomtoka. Tiba ya kwanza basi ni kurudisha maji na chumvi. Nikisema tiba, namaanisha tiba kamili, siyo kitu cha kupotezea muda hadi dawa ipatikane. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kililipuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi, sukari ya glukosi na magadi ya kuokea katika mapipa, wakawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4 kwa waliotibiwa hivyo. Siri yake ni kwamba sukari hufungua njia ya chumvi kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi. Mwaka 1978 jarida la Lancet la Uingereza likaandika kwamba huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Ugunduzi huo leo unauzwa duka la dawa muhimu kwa bei ndogo, na zahanati wanao. Ni ile pakiti ya ORS. Soma maandishi: nyingi ni za lita moja ya maji safi na salama, lakini zipo ndogo. Usikoroge pakiti ya lita moja kwenye kikombe. Itakuwa kali na itamdhuru mtoto. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Onja kabla ya kumpa mgonjwa: isizidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko wowote kati ya hiyo miwili ukilala, mwaga, tengeneza mwingine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, usikate tamaa. Subiri dakika kumi, kisha umpe kijiko kimoja, utulie kidogo, umpe kingine. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Mtoto aongezewe vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na wa chini ya miezi 6 nusu ya hapo. WHO na UNICEF walitoa shauri hilo mwaka 2004, kwa sababu zinki hufupisha ugonjwa na hupunguza hatari ya kurudi.

Mnaniuliza kila mara juu ya madafu. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo yawe nyongeza, yasichukue nafasi ya ORS kwa anayeharisha sana. Soda, hasa kwa mtoto, iache: sukari yake nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuongeza kuhara. Maji ya wali yenye chumvi kidogo yanafaa. Na mgonjwa asinyimwe chakula ati tumbo lipumzike. Akitamani, mpe uji, wali laini, ndizi au mtori.

Kuhusu maziwa, naomba nisikike vizuri. Maziwa hayafuti sumu ya chakula. Bibi zetu walitupa kwa nia njema, lakini tumbo lililovurugika mara nyingi hushindwa kuyasaga, na kuhara huongezeka. Wala usimtie mtu kidole kooni kumtapisha. Mwili wake unajua kutapika bila kusaidiwa.

Halafu ipo desturi yetu ya Flagyl. Tumbo likiguna tu, mtu anatuma mtoto dukani: nenda kaniletee Flagyl. Dawa hiyo ina kazi yake, kwa amiba na giardia na baadhi ya bakteria, ikiandikwa na anayejua. Lakini haiwezi kuondoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini kutoka kwenye wali au mayonezi, wala haigusi virusi. Ukiimeza leo na kesho tumbo likatulia, huenda lingetulia vilevile, na sifa ikaenda kwa kidonge. Ndivyo tunavyojizoesha kumeza dawa zisizohitajika hadi siku zinapohitajika zikawa hazifanyi kazi. Na dawa za kufunga choo, mtoto mdogo asipewe kabisa, na mtu mzima mwenye homa au damu kwenye choo aziogope.

Kuna hali ambazo hazingojei. Nenda hospitali mara moja ukiona damu kwenye choo; au choo cha majimaji meupe, maji ya mchele hasa, kinachotoka kwa wingi bila kukoma; au homa kali; au kila kinachonywewa kinarudi; au mkojo umekatika kwa saa sita au zaidi. Mtazame mtoto: macho yamedidimia, utosi umebonyea, analia bila machozi, amelegea hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Huyo usimsubirishe hata kwa ajili ya nauli ya asubuhi. Vilevile ganzi ya midomo, kuona vitu viwiliviwili, kope kuanguka au viungo kulegea. Au kutoka jasho na mate mengi huku mboni za macho zimekuwa ndogo, jambo linaloweza kuashiria dawa ya kuulia wadudu. Au macho kuwa ya manjano. Hapo hapana tiba ya nyumbani. Na kuharisha kwa mtu mzima kukipita siku tatu, aonwe na mganga hata kama anatembea.

Haya si maradhi madogo. Kwa makadirio ya WHO yaliyotolewa mwaka 2015, watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 hufariki, 125,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Namalizia kwa kamati za shughuli, maana zinanisikiliza. Mnakaa vikao, mnachangisha, mnapiga hesabu ya kilo za mchele, za nyama, kreti za soda, mapambo, muziki na sare. Sijasikia kikao kinachopanga saa ya chakula kuiva. Anzeni sasa. Mlipeni mpishi aje na wasaidizi wa kutosha, ili sufuria la kwanza liive asubuhi badala ya usiku wa manane. Pikeni kwa mafungu, fungu la pili liwe jikoni wakati la kwanza linaliwa. Kinachosubiri kisubiri juu ya moto, kikitoa mvuke. Kinachobaki kitolewe kwenye masufuria yenye kina, kitandazwe kwenye sinia pana kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Na kiporo kipashwe moto mara moja tu, hadi katikati yake kichemke. Asiye na friji asilaze wali wala nyama. Agawe majirani siku hiyohiyo, kingali cha moto.

Kisu na ubao wa kuku mbichi visikate kachumbari. Mwenye jipu au anayeharisha akae mbali na jiko, apewe kazi ya kupokea wageni… hapana, huyo anayeharisha arudi nyumbani kabisa akapumzike. Na mtindo wetu wa zamani wa kunawisha wageni kwa birika, maji yakidondokea beseni, urudisheni, pamoja na sabuni. Beseni moja la maji ambalo kila mtu anachovya vidole halisafishi mikono ya mtu, linagawa uchafu. Kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja, na sabuni ni gharama ndogo kuliko zote katika bajeti yenu.

La mwisho: nunueni chaki. Kila sufuria linapoepuliwa, mpishi aandike saa kwenye mfuniko, na mtu mmoja katika kamati apewe mamlaka ya kusema chakula hiki kimepita muda, hakipakuliwi, hata kama mwenye shughuli atanuna. Mkifanya hivyo watu wataumwa kidogo, na hata wakiumwa mtakuwa na jibu la kumpa bwana afya kabla mtaa haujatafuta jina la mtu wa kumsingizia.

Kama nyumbani kwako hamna pakiti ya ORS, kesho asubuhi nunua mbili uziweke kabatini.